Maji Yaliyokataa Kuzima

Profesa Theuri alipoingia chumbani akiwa na utepe wa kupimia wa fundi wa mbao, Ngendo alijua mara moja kwamba hakuja kwa ajili ya maji. Profesa aliupima ukuta wa dirishani, akaupima wa mlangoni, kisha akasimama katikati na kutazama dari kwa macho ya mtu anayeona rafu ambazo bado hazijajengwa.

"Usijali, endelea na kazi," alisema. "Naangalia tu."

"Unaangalia nini, Profesa?"

"Unyevu. Hiki chumba kina unyevu mzuri sana."

Katika idara nzima ya chuo ni mtu mmoja tu ambaye angeweza kutamka neno unyevu kwa furaha namna ile. Theuri alikuwa mkuu wa idara, na alikuwa na uyoga. Ulianza kama mifuko michache nyuma ya mlango wa ofisi yake. Sasa ulikuwa umejaa kwenye ujia, na wanafunzi waliokwenda msalani iliwabidi wauruke. Uyoga ulikuwa na tabia njema ya kutoa matokeo kila wiki, tena yanayoliwa. Chombo cha Ngendo cha kupimia dawa kwenye maji kilikuwa kimemchukua miaka mitatu, na matokeo yake yote yalipatikana ndani ya chumba kile kile.

Chombo chenyewe hakikuwa na miujiza. Ngendo alichukua maganda ya mpunga kutoka vinu vya Wang'uru, ambako hutupwa marundo kwa marundo, akayachoma, akayapika kwa maji ndani ya chungu cha chuma kilichokazwa kwa nati, akachuja mpaka akabaki na kioevu cha rangi ya chai hafifu. Ndani yake zilielea chembe za kaboni ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu kumi mstari mmoja hazivuki unene wa unywele. Mchana hazikuwa na la kuonyesha. Lakini ukizimulika kwa taa ya zambarau, ile ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia, ziliwaka buluu kama moto wa jiko la gesi. Ukitia humo maji yenye tetrasaiklini, antibiotiki ambayo wafugaji huwapa kuku, dawa ile huumeza mwanga na buluu hufifia. Dawa ikizidi, giza huzidi.

Watu walipomsikia akieleza walikata kauli upesi: yakiwaka ni safi, yakizima ni machafu. Ngendo aliwasahihisha kila mara. Maji yanayowaka yanaweza kuwa na kinyesi, chumvi, hata chura. Kuwaka kunasema jambo moja tu: dawa hiyo haimo. Alikuwa mtu wa kusema kitu kwa kiasi chake, na kwa sababu hiyo hakualikwa sana kwenye harusi.

"Ndani ya chumba hiki kinafanya kazi," alisema Theuri akikunja utepe wake. "Sibishi. Lakini ndani ya chumba hiki dawa unaitia wewe mwenyewe. Ni kama mtu anayeficha kijiko chini ya godoro, kisha anaita majirani waone jinsi alivyokipata."

"Nitakwenda kwenye maji ya kweli."

"Nenda. Siku maji ya kweli yakizima mbele ya macho yangu, chumba ni chako mpaka ustaafu. Yasipozima kabla ya muhula kwisha..." Hakumaliza. Aliutazama tena ukuta wa dirishani, kwa upendo.

Maji ya kweli Ngendo aliyachagua kwa ushahidi. Pembeni mwa mtaa wa Skuta, pale nyumba za kupangisha zinapokwisha na vishamba kuanza kuteremka bondeni, palikuwa na kijito kilichopita nyuma ya mabanda ya kuku, banda baada ya banda. Kila mwenye banda alivuta maji kwa mpira kutoka upande wake wa juu, na kuyarudisha kwa mtaro, yakiwa yameoshea banda, upande wake wa chini. Kwa mpango huo kila familia ilikunywa kile ambacho jirani wa juu hakukitaka tena. Juu kabisa alikaa Mzee Gatimu, mwenyekiti wa kamati ya maji na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata salamu aliitoa kama tangazo. Chini yake alikaa Tabby, mama ambaye banda lake lilikuwa refu kuliko nyumba yake na ulimi wake mrefu kuliko vyote viwili. Chini ya Tabby walifuata wengine, mpaka kwenye tangi la kamati.

Na mtaroni, kutoka juu mpaka chini, zilitapakaa pakiti tupu zenye picha ya jogoo aliyenona na maneno makubwa: TETRASAIKLINI. Ngendo alimwuliza Gatimu.

"Dawa? Hapa?" Gatimu aliweka mkono kifuani. "Daktari, kuku wangu wanakula sukuma wiki na neema."

"Na hizi pakiti?"

"Maji huleta takataka kutoka juu."

"Wewe ndiye wa juu kabisa, mzee."

"Juu yangu kuna msitu. Uliza ndovu."

Kila nyumba ilikana vivyo hivyo, na Ngendo alijua sababu. Hoteli moja mjini ilikuwa imetangaza kwamba hainunui mayai ya kuku wanaonyweshwa dawa, na tangu siku hiyo Skuta nzima haikuwa na kuku hata mmoja aliyewahi kuugua.

Hakuhitaji wakiri. Maji yangesema. Aligawa chupa safi, moja kwa kila nyumba, akaandika jina la mwenye nyumba kwa herufi kubwa ubavuni, akaomba kila mtu ajaze maji ya mtaroni baada ya kuosha banda. Chupa zilirudi kwa wakati, zote, jambo ambalo lingemtia shaka mtu mwenye uzoefu. Alipozimulika ziliwaka buluu kali, safi, nzuri kuliko maji aliyoyachuja mwenyewe chuoni.

Alirudi kwa Tabby. "Mama, haya maji uliyateka wapi?"

"Kwa mtungi."

"Niliomba ya mtaroni."

Tabby alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto wa watu asiyefunzwa. "Daktari, mgeni ameniomba maji. Nimpe ya mtaro? Nilichemsha, nikapoesha, nikachuja na kitambaa ya meza. Yako ndio nilitoa kwanza, kabla hata ya chai ya watoto."

"Lakini ni ya kupima tu."

"Hata kama ni ya kumwaga. Si uliandika jina langu kwa chupa? Iende huko chuo, maprofesa wasome 'Tabby', halafu ndani waone manyoya?"

Alipita nyumba zote akakuta hadithi moja. Hakuna mtu wa Skuta ambaye angeruhusu maji machafu yatoke nje yakiwa na jina lake. Nyumba moja ilikuwa imenunua maji ya dukani. Gatimu alikuwa ameyaombea.

Basi Ngendo akavaa gambuti, akaingia mtaroni mwenyewe na chupa zisizo na jina. Alichota chini ya kila banda, saa ile ile maji ya kuoshea yalipokuwa yakitoka na povu na manyoya. Alirudi chumbani akinuka kiasi kwamba hata uyoga ulionekana kujikunyata, akamulika.

Maji yaliwaka buluu.

Mtu mwingine angelia, au angelala. Ngendo alianza kuondoa sababu moja moja. Alidhani taa imekwisha nguvu. Taa ilikuwa nzima. Alidhani chembe zimechakaa. Akapika nyingine mpya, zikawaka vile vile. Alidhani tope la mtaroni linamdanganya. Akachukua maji hayo hayo ya mtaroni, akayatia dawa halisi kutoka kabati la chuo, yakazima papo hapo. Kwa hivyo chombo kilikuwa kinaona, hata ndani ya tope la Skuta. Ila hakukuwa na cha kuona. Na mtaroni pakiti za jogoo zilizidi kuongezeka. Alikuwa na mambo mawili ya kweli yaliyokataa kukaa kwenye benchi moja.

Theuri naye akatangaza kwamba atakuja Skuta kujionea, na Gatimu aliposikia profesa anakuja akaugeuza upimaji kuwa mkutano wa hadhara katika ukumbi wa kanisa, na sala mwanzo na mwisho, na maharagwe katikati.

Dawa ya kabati la chuo ilikuwa imekwisha, hivyo siku ya mkutano Ngendo alipitia mjini kwenye duka la pembejeo la Kajal. Kajal alilirithi duka hilo kutoka kwa babu yake Ambalal, pamoja na mizani, kaunta ya mbao na mazoea ya kumhoji mteja kabla ya kumwuzia.

"Tetrasaiklini ya kuku? Wewe? Umeacha ualimu?"

"Ni ya kupima maji ya Skuta."

"Skuta!" Kajal aliiweka pakiti kaunta kwa kishindo. Ilikuwa nyeupe, haina picha. "Watu wa Skuta hawajanunua hii kwangu tangu mwaka jana. Hata moja. Nilifikiria kuku wao wameokoka."

"Huna zile zenye picha ya jogoo?"

"Ya jogoo? Sijawahi kuona. Kampuni gani hiyo?"

Ngendo aliigeuza ile pakiti nyeupe mkononi. Wazo lilikuwa limebisha hodi, lakini hakulifungulia. Dhana si ushahidi, na hakuwa na pakiti ya jogoo yenye kitu ndani. Zote alizookota zilikuwa zimeoshwa na maji.

"Njoo kwenye mkutano," alimwambia Kajal.

"Nitakuja. Taa yangu ya noti uliiazima tangu Pasaka. Nisipoifuata mwenyewe nitaiona mbinguni."

Ukumbi wa kanisa ulikuwa na madirisha makubwa pande zote, na jua la mchana lilimwagika ndani kama limealikwa. Ngendo hakuwa amelifikiria hilo. Mwanga wa buluu hauonekani juani. Akaomba kitu kizito cha kufunika, na mke wa Gatimu akaleta blanketi la mistari ambalo lingeweza kumzuia fahali asihisi baridi ya Julai. Likatandazwa juu ya meza, taa na vichupa vikawekwa chini yake, na kila aliyetaka kuona ilimbidi aingize kichwa na mabega.

"Waingie wawili wawili," alisema Ngendo, "ili tusichelewe."

Tabby akajitokeza wa kwanza, akainua pindo. "Haya, Mzee Gatimu. Twende."

Gatimu alirudi nyuma. "Mimi niingie chini ya blanketi na mke wa mtu? Ndani ya kanisa?"

"Wee mzee, ni kichwa tu naingiza. Hiyo ingine inabaki huku nje na mashahidi."

"Nitaingia na Profesa."

Waliingia mwenyekiti na profesa, wakabaki makalio mawili ya heshima yakiuelekea umma. Kutoka ndani sauti ya Gatimu ilisikika: "Uuui, imewaka kama stima!" Walitoka nywele zimesimama.

Ngendo alieleza, kwa kiasi chake. Kichupa cha kwanza kilikuwa maji ya juu ya mabanda yote. Cha pili, maji ya chini ya mabanda yote. Vyote viwili vilikuwa vinawaka sawa. Cha tatu kilikuwa maji yale ya pili, na sasa mbele yao anatia dawa kidogo kutoka duka la Kajal. Alitia, akatikisa, wakaingia tena chini ya blanketi. Cha tatu kilikuwa giza kabisa.

"Kwa hivyo," alisema Gatimu akipanda jukwaani kabla hajaitwa, "sayansi imenena. Skuta hatutumii dawa. Maji yetu ni safi..."

"Sikusema safi," alisema Ngendo.

"...ni safi, na wenye hoteli wasikie!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele.

Theuri alimsogelea Ngendo, sauti ya chini, huruma tele. "Kijana wangu, kilichozima ni kile ulichotia wewe. Tumerudi kwenye kijiko na godoro."

Ngendo alishusha pindo la blanketi. Aliangalia umati uliofurahi, akafikiri, kisha akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza maganda ya mpunga: "Kuna mambo mawili tu yanayowezekana. La kwanza, hakuna anayetumia dawa. La pili, kuna anayetumia, na anachotumia si dawa."

Makofi yalikatika kama mpira uliokanyagwa.

"Ati si dawa?" Ilikuwa sauti ya Tabby. "Si dawa namna gani?"

"Ingekuwa dawa, kichupa cha pili kingezima kama cha tatu."

Tabby aliketi. Akainuka tena. "Mimi situmii. Mnajua situmii. Lakini niko na rafiki."

"Rafiki wa wapi?"

"Rafiki tu. Sasa huyo rafiki, kama amekuwa akiwekea kuku kila asubuhi, kijiko mzima, tangu mwaka jana, daktari anasema amekuwa akiwekea nini?"

"Siwezi kujua bila kuipima."

"Hata mimi niko na rafiki kama huyo," alisema mzee mmoja kutoka nyuma.

"Wangu ni shemeji," alisema mwingine.

Ilionekana kwamba kila mtu ukumbini alikuwa na rafiki mmoja mwenye kuku, na kwamba marafiki hao wote walikuwa wakinunua pakiti za jogoo. Tabby alifungua mkoba, akachimba chini ya leso na kitabu cha nyimbo, akatoa pakiti iliyojaa. "Ya rafiki yangu," alisema kwa ukali. "Alisahau kwa mkoba."

Ngendo alimimina unga wa manjano kwenye kichupa kipya chenye maji na chembe zake, akatikisa, akaingia chini ya blanketi peke yake. Alikaa huko muda. Buluu haikuwa imezima. Pale unga ulipotua chini, palikuwa na mng'ao wa kijani kibichi ambao tetrasaiklini haiwezi kuutoa kwenye maji ya namna ile. Kijani kile alikifahamu. Alitoka akaenda moja kwa moja jikoni nyuma ya ukumbi, ambako maharagwe yalikuwa yanachemka, akarudi na magadi kidogo kwenye kijiko.

"Hii haihitaji blanketi," alisema. "Tazameni."

Alinyunyiza magadi juu ya unga wa dawa ya jogoo na kutia matone ya maji. Unga ukageuka mwekundu kama damu ya mzee. Akanyunyiza juu ya dawa ya Kajal. Ikabaki manjano.

"Dawa haigeuki hivyo kwa magadi," alisema Ngendo. "Manjano ya kupikia hugeuka. Hii ni unga wa mahindi uliotiwa manjano."

Kajal alinusa kwenye pakiti. "Na wala si manjano nzuri."

Tabby hakuwa amesogea. "Mwaka mzima," alisema taratibu. "Nimepikia kuku mchuzi mwaka mzima."

"Na hawakufa?" aliuliza Theuri, ambaye sasa alikuwa amesahau huruma yake.

"Hawakuwa wagonjwa," alisema Ngendo. "Kuku asiye mgonjwa hupona kwa dawa yoyote."

Ndipo vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kuelekea jukwaani. Marafiki wa watu wote wale, kumbe, walikuwa na mwuzaji mmoja. Mzee Gatimu alishika kiti mbele yake kama ngao.

"Nani aliniletea mimi sijui!" alisema. "Mtu wa pikipiki kutoka Karatina! Alisema ni bei nzuri, nikasema niwasaidie majirani. Hata mimi nimewekea kuku wangu!"

"Mwizi!" alisema Tabby. "Mwizi wa kanisa!"

"Tabby, ngoja. Ngoja kwanza." Gatimu alikuwa mtu wa kamati, na mtu wa kamati akisukumwa ukutani huomba hoja ya utaratibu. Macho yake yalimwangukia Ngendo na uso wake ukang'aa. "Wacha nimwulize daktari. Daktari, kama ningewauzia ile ya kweli, maji ya kijito ingekuwa aje leo?"

Ngendo alijua swali linakwenda wapi. Angeweza kunyamaza. Lakini jibu lilikuwa jibu. "Yangekuwa na dawa."

"Na watoto wangekunywa?"

"Wangekunywa."

"Na hiyo ni mbaya?"

"Ni mbaya sana. Vijidudu huizoea dawa, na siku mtoto akiugua kweli, dawa haimfai."

"Mmesikia!" Gatimu aliachia kiti. "Mwaka mzima nimewalinda! Watoto wa Skuta wako na afya kwa sababu yangu!"

"Daktari!" Tabby alimgeukia Ngendo, macho ya mtu aliyesalitiwa. "Kwani uko upande gani?"

"Kuhusu dawa amewadanganya," alisema Ngendo. "Kuhusu maji, yuko sahihi."

Mkutano ulivunjika bila sala ya mwisho. Maharagwe yaliliwa kwa hasira. Theuri alimsindikiza Ngendo mpaka barabarani, akitingisha kichwa.

"Nimefurahi kuliko nilivyotarajia," alisema. "Lakini nilisema maji ya kweli yazime. Kijito hakijazima."

"Hakijazima kwa sababu hakina dawa."

"Ni sababu nzuri. Andika. Uyoga nao una sababu zake." Akaondoka akikwepa mashimo.

Kabla hawajatawanyika Ngendo alikuwa amewaeleza watu kila kitu ambacho sayansi inajua kuhusu jambo hilo: kwamba kuku mzima hahitaji antibiotiki, kwamba mgonjwa atibiwe na mtaalamu wa mifugo, kwamba mayai yake yasiliwe wala kuuzwa kwa muda, na maji ya kuoshea banda lake yasirudi kijitoni. Walimsikiliza kwa heshima kubwa. Walichobaki nacho kilikuwa kitu kimoja: kwamba duka la Kajal lina ile ya kweli.

Wiki hiyo duka la Kajal lilijaa mpaka nje. Alimpigia simu Ngendo. "Umeniharibia maisha. Nawauliza kuku anaumwa nini, wanasema wana hasira. Nimewakatalia, wamekwenda kununua kwa jirani. Ya jirani pia ni ya kweli."

Na kwenye mlango wa chumba cha Ngendo, kila asubuhi, palikuwa na msururu wa watu wa Skuta wameshika pakiti, kila mmoja akitaka yake imulikwe. Iliyozima mwanga waliondoka nayo wakitabasamu. Ngendo aliwaeleza tena, mmoja mmoja, na kila mmoja akamjibu, "Asante sana, daktari, kwa kuthibitisha."

Muhula ulipokaribia mwisho alimwita Theuri kijitoni. Safari hii alikuwa na sanduku la mbao lenye tundu la jicho. Alichota chini ya banda la Tabby, akatia chembe, akafunga mfuniko, akawasha taa, akasogea kando. Profesa aliinama, akatazama. Aliendelea kutazama kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna kitu," alisema.

"Ndiyo."

"Yaani kimezima. Kabisa." Aliinuka, akasafisha magoti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na uyoga. "Chumba ni chako, Ngendo. Nilisema, na nimeona."

Miaka mitatu Ngendo alikuwa amengojea sentensi hiyo. Aliipokea, akatazama maji yakipita kwenye gambuti zake na kuteremka kuelekea tangi, akagundua kwamba hakuna njia ya kuifurahia sentensi ile bila pia kufurahia kilichomo ndani ya maji yale.

Tabby alikuwa anashuka mbio kutoka bandani, mikono ina unga. "Daktari! Imezima?"

"Imezima, Mama."

"Haleluya!" Tabby alirukaruka ukingoni. "Ya ukweli! Pesa yangu haijapotea! Profesa, umeona? Imezima ya kwangu!"

"Mama, haya maji yanakwenda kwa jirani yako wa chini."

"Huyo ana domo, akunywe."

"Na ya kwako yanatoka kwa Mzee Gatimu."

Tabby aliacha kuruka. Aliuangalia mpira wake mweusi, uliolala kijitoni hatua chache juu yao. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, chai ya watoto ilikuwa imetoka mle. "Gatimu siku hizi ananunua wapi?"

"Mahali mnaponunua nyote."

"Pima."

Ngendo alichota kwenye mdomo wa mpira, akatia chembe, akafunga sanduku. Tabby alisukuma kichwa chake mpaka kwenye tundu kabla taa haijawaka. Alilishika sanduku kwa mikono yake miwili yenye unga. Maji hayakuwa giza kabisa kama ya chini, lakini buluu ilikuwa imebaki kidogo sana, kama jiko linalokaribia kuishiwa gesi.

"Hiyo ni ya watoto wangu," alisema.

"Ndiyo."

Tabby alikunja sketi, akapanda kilima. Walimsikia kabla hajafika. "Gatimu! Wee Gatimu! Toka nje!"

"Kuna nini tena?" sauti ya mwenyekiti ilijibu kutoka juu. "Si mlitaka ya kweli?"

"Mimi nilitaka ya kweli kwa kuku wangu! Sikusema wewe uwekee wako! Wewe rudia ile ya mchuzi!"

"Ndio uniite mwizi tena?"

"Nitakuita mwizi na utarudia!"

"Wewe uache kwanza, mimi nitaacha!"

"Niache kwanza, halafu wewe uendelee gizani? Nani atajua?"

Kuku walisikika, na mpira ukitiririka. Kisha vichwa viwili vikachomoza juu ya ua wa michongoma, vikatazama chini kijitoni, pale Ngendo alipokuwa amesimama na sanduku lake.

"Daktari," aliita Gatimu, kwa sauti ya kutangaza, "kamati imeamua. Wewe utakuwa unapima kila Jumatatu. Kila banda."

"Ukianza na ya huyu!" alisema Tabby.

"Nitaanza na nyote siku moja," alisema Ngendo, "na nitachota mwenyewe."

"Na tukiacha," aliuliza Tabby, "itachukua muda gani iwake tena?"

"Sijui," alisema Ngendo. Lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyewahi kulipima mahali pale. Alifungua sanduku, akamwaga kichupa, akaanza kukiosha.